Khalifa al-Muti: Cheo Bila Nguvu, na Swali Letu Kuhusu Mamlaka



Leo tunapenda kumtazama mtu ambaye huenda hujawahi kulisikia jina lake: al-Muti, khalifa wa Kiislamu aliyekaa kitini Baghdad tangu mwaka 946 hadi 974. Alitawala miaka 28, mingi kuliko khalifa yeyote wa ukoo wa Abbasi aliyemtangulia. Lakini katika miaka yote hiyo hakuwa na jeshi lake, hakukusanya kodi, wala hakuwa hata na waziri. Jina lake lilitajwa kila Ijumaa misikitini, na amri zilitolewa na wengine.

Huenda ukauliza: waseminari wa Kikatoliki na khalifa wa karne ya 10, wapi na wapi? Tuna sababu tatu.

Kwanza, darasani kwetu, tuliposoma falsafa ya siasa, tuligawanyika makundi mawili. Wengine walisema mwenye mamlaka ni yule anayeamuru na watu wakatii. Wengine wakasema hapana, ni yule mwenye haki ya kuamuru, hata kama hatiiwi. Tulibishana hadi kengele ikalia. Maisha ya al-Muti yanafaa kulipima swali hili, kwa sababu kwake mambo hayo mawili yalitengana kabisa.

Pili, wengi wetu tumezaliwa na kukua jirani na Waislamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitualika kuwaheshimu na kujitahidi kuelewana nao. Huwezi kuelewana na jirani ambaye hujui anatoka wapi.

Tatu, na hii inatugusa sisi wenyewe, tunaandaliwa kupewa cheo. Akipenda Mungu, siku moja tutaitwa shemasi, padre, paroko. Watu watatusalimia kwa heshima kabla hatujafanya lolote la kustahili heshima hiyo. Ni vema basi kujiuliza mapema: cheo ni nini hasa?

1. Maneno ambayo tayari tunayo

Kabla ya historia yenyewe, tuanze na lugha. Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu karibu maneno yote tunayoyahitaji hapa.

Khalifa maana yake ni anayeshika nafasi ya mwingine baada yake. Baada ya Mtume Muhammad kufariki mwaka 632, viongozi wa umma wa Waislamu waliitwa makhalifa. Amiri ni kamanda au mtawala, ndiyo maana hata leo tunasema amiri jeshi mkuu. Waziri na katibu hawahitaji maelezo. Hotuba ni ile ya msikitini siku ya Ijumaa, ambamo mtawala halali alitajwa kwa jina na kuombewa. Dola ni utawala wenye nguvu, na neno hilohilo tutaliona ndani ya majina ya watu waliomtawala khalifa huyu.

Na jina lake mwenyewe? Alizaliwa mwaka 914 hivi akaitwa al-Fadl. Alipotawazwa alichukua jina la kifalme, al-Muti lillah, yaani anayemtii Mungu. Ni mzizi uleule wa maneno yetu "tii", "utii" na "mtiifu". Sisi ambao tutaahidi utii mbele ya askofu hatuwezi kulipita jina hili bila kusimama kidogo. Je, mtu huyu alimtii Mungu, au aliwatii tu wenye mapanga? Tuliweke swali hilo akiba.

2. Nguvu ilivyotoka mikononi mwa makhalifa

Ukoo wa Abbasi ulishika ukhalifa mwaka 750, na mwaka 762 khalifa al-Mansur akaanza kuujenga mji wa Baghdad. Kwa zaidi ya karne moja makhalifa hawa walikuwa kati ya watawala wenye nguvu kuliko wote duniani. Lakini walianza kutegemea askari wa kununuliwa na kukodiwa, hasa Waturuki, na askari wanaolipwa na mtu mmoja hujifunza upesi kwamba wanaweza pia kumbadilisha mtu huyo. Kati ya mwaka 861 na 870 makhalifa wanne waliuawa.

Baba yake al-Muti, al-Muqtadir, alitawazwa mwaka 908 akiwa na miaka 13 tu. Hazina ilikauka, mikoa ikajitenga, na mwaka 932 aliuawa akipambana na jemadari wake mwenyewe. Mwaka 936 kaka yake al-Muti, khalifa al-Radi, alichukua hatua iliyobadilisha mambo moja kwa moja: alimpa kamanda mmoja, Ibn Raiq, cheo cha amiri wa maamiri pamoja na jeshi na fedha zote za dola. Alidhani amepata msaidizi, kumbe amejipatia bwana. Muda si mrefu, katika vita vya kugombea cheo hicho, Ibn Raiq aliubomoa mfereji wa Nahrawan ili maji yamzuie adui yake. Mashamba yaliyokuwa yakiilisha Baghdad yakaharibika. Waliopigania kuitawala nchi ndio walioiharibu.

Hapa tuzingatie jambo moja. Nguvu haikuondoka siku moja. Iliondoka kidogo kidogo, kwa kukabidhi leo kazi hii na kesho ile kwa mtu anayeonekana kuiweza, mpaka aliyekabidhi akabaki na jina peke yake.

3. Siku ya kutawazwa

Desemba 945 iliingia Baghdad familia mpya yenye nguvu, Wabuya. Walikuwa ndugu watatu kutoka Daylam, nchi ya milima iliyo kusini mwa Bahari ya Kaspi. Mmoja alishika Fars, ambako mji mkuu ni Shiraz, mwingine akashika nchi za Rayy na jirani zake, na mdogo wao, Ahmad, akaichukua Baghdad. Khalifa wa wakati huo, al-Mustakfi, hakuwa na la kufanya ila kumpokea na kumpa jina la heshima: Mu'izz al-Dawla, yaani mwenye kuitukuza dola.

Haukupita muda. Mwishoni mwa Januari 946, katika baraza mbele ya watu, askari wawili wa Daylam walimsogelea al-Mustakfi wakinyoosha mikono. Akadhani wanataka kumbusu mkono, akautoa. Wakamvuta chini kutoka kitini, wakamfunga kilemba chake shingoni na kumburuta. Baadaye alipofushwa macho.

Siku hiyohiyo al-Fadl alitolewa na kutawazwa kuwa al-Muti. Alikuwa mtu wa miaka 32 hivi, na alikuwa amejificha kwa muda kwa sababu al-Mustakfi alimwona kuwa mshindani. Sasa hebu tufikiri alikaa kitini akiwa na picha gani kichwani. Katika mji huo walikuwa hai watu watatu waliowahi kuwa makhalifa: al-Qahir, al-Muttaqi aliyekuwa kaka yake mwingine, na sasa al-Mustakfi. Wote watatu walikuwa wamepofushwa.

Mtu anayetaka kumhukumu al-Muti kwa ukimya wake wa miaka mingi, ni haki aanzie hapo.

4. Kwa nini hawakumwondoa kabisa?

Hapa kuna jambo la kushangaza. Wabuya walikuwa Washia, na al-Muti aliongoza Waislamu wa Kisuni. Hawakuamini kwamba ukoo wa Abbasi una haki ya ukhalifa. Na nguvu yote walikuwa nayo wao. Kwa nini basi hawakuufuta ukhalifa huo, au kumweka mtu wa ukoo wa Ali?

Wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba Mu'izz al-Dawla alilifikiria jambo hilo, na mshauri wake mmoja akamkataza. Hoja yake ilikuwa hivi: huyu uliye naye sasa, wewe na askari wako hamwamini kuwa ni khalifa wa haki, ukiwaamuru wamuue, watamuua. Lakini ukimweka mtu mnayemwamini kweli, siku akiwaamuru askari wakuue wewe, watakuua.

Tuisome hoja hii polepole, kwa sababu ndani yake kuna somo zima la falsafa ya siasa. Mshauri yule alijua kwamba upanga si nguvu pekee. Kuna nguvu nyingine, ile ya mtu ambaye watu wanaamini dhamirini mwao kwamba wanapaswa kumtii. Mwenye upanga aliiogopa nguvu hiyo. Kwa hiyo alichagua khalifa ambaye jina lake lingewatuliza raia wengi wa Kisuni bila kuzigusa dhamiri za askari.

Kwa maneno mengine, al-Muti aliwekwa kwa sababu alikuwa dhaifu, lakini pia kwa sababu jina lake halikuwa bure. Kama lingekuwa bure, nani angehangaika kulihifadhi?

5. Alibaki na nini?

Alibaki na mambo machache. Jina lake lilitajwa katika hotuba na liliandikwa kwenye sarafu, ingawa sasa majina ya maamiri yaliongezwa pembeni. Aliwapa watawala barua za uteuzi na mavazi ya heshima, ingawa hakuwachagua yeye. Badala ya waziri alikuwa na katibu wa kusimamia mali yake. Waziri sasa alikuwa wa amiri. Aliishi kwa posho aliyopangiwa, kisha kwa mapato ya mashamba aliyopewa, na mapato hayo yalizidi kupungua.

Mambo makubwa ya zama zake yalipita mbele ya macho yake bila yeye kuwa na neno. Mwaka 951 Jiwe Jeusi la Kaaba, lililoporwa na Wakarmati mwaka 930, lilirudishwa Makka. Mwaka 963 Mu'izz al-Dawla aliagiza maombolezo ya Ashura yafanywe hadharani Baghdad, na mivutano kati ya Washia na Wasuni ikazidi mitaani. Mwaka 969 ukoo wa Fatima, waliojiita makhalifa pia, waliichukua Misri na kuanzisha mji wa Kairo.

Hata hivyo, tusiidhanie Baghdad ya al-Muti kuwa mji uliokufa. Ndiyo iliyokuwa Baghdad ya Yahya ibn Adi, mwanafalsafa Mkristo wa Kanisa la Kisiria, mzaliwa wa Tikrit na mwanafunzi wa al-Farabi. Yahya aliongoza shule ya mantiki ya Aristotle mjini humo, akaandika kuutetea Utatu Mtakatifu kwa hoja za akili na kuandika kitabu kuhusu kuyarekebisha maadili. Riziki yake ilitokana na kunakili vitabu kwa mkono, vikiwemo vya Waislamu, na wanafunzi wake walikuwa Wakristo na Waislamu pamoja. Alifariki mwaka 974, mwaka uleule aliofariki al-Muti. Mmoja alikuwa na cheo kikubwa kuliko vyote mjini, mwingine hakuwa na cheo chochote.

Tena kuna uzi unaotufikia sisi wa Afrika Mashariki. Al-Masudi, mwanahistoria mzaliwa wa Baghdad, alisafiri hadi pwani yetu na kufika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wataalamu wengi wanadhani ni Pemba. Safari yake ya mwisho kutoka huko ilikuwa mwaka 916 hivi. Historia yake ya dunia inaanzia uumbaji na kuishia katika utawala wa al-Muti huyuhuyu.

6. Majaribu mawili

Sasa tuje kwenye kiini. Katika miaka 28, al-Muti alijaribiwa mara mbili kwa namna inayotuonyesha yeye ni nani.

Jaribu la kwanza lilikuwa la jaji. Mwaka 961 hivi Mu'izz al-Dawla alihitaji fedha, akauza cheo cha kadhi mkuu wa Baghdad. Mtu wa ukoo mashuhuri wa makadhi alikinunua kwa ahadi ya kulipa dirhamu 200,000 kila mwaka. Msomaji anaweza kuwaza jaji wa namna hiyo alizipata wapi hizo dirhamu.

Al-Muti hakuwa na uwezo wa kuzuia. Lakini alikataa kumthibitisha mtu huyo na akampiga marufuku kufika mbele yake siku za baraza. Ni hilo tu alilofanya. Hakutoa askari wala hakuchochea ghasia. Aliufunga mlango wake, kwa kuwa ndio pekee uliokuwa bado wake. Na baada ya muda usio mrefu kadhi yule aliondolewa.

Jaribu la pili lilikuwa gumu zaidi. Mwaka 972 jeshi la Kaisari wa Bizanti, Yohane Tzimiskes, liliingia kaskazini ya Mesopotamia na kuushambulia mji wa Nisibis. Wakimbizi walifika Baghdad wakilia na kudai walindwe. Ghasia zikazuka, na watu wakajaribu hata kuliingia jumba la khalifa kwa nguvu. Amiri wakati huo alikuwa Bakhtiyar, mwana wa Mu'izz al-Dawla, na wakubwa wa mji walilazimika kumfuata Kufa, ambako alikuwa akiwinda.

Bakhtiyar alimgeukia khalifa na kumdai fedha za jihadi. Jibu la al-Muti limehifadhiwa na wanahistoria, nasi tunalieleza kwa maneno yetu. Alisema kwamba vita vingekuwa wajibu wake kama dunia ingekuwa mkononi mwake, na kama fedha na askari vingekuwa chini ya usimamizi wake. Sasa alichokuwa nacho hakikumtosha hata yeye mwenyewe, na nchi ilikuwa mikononi mwa maamiri. Kwa hiyo hakudaiwa vita, wala hija, wala jambo lolote linalomhusu mtawala. Kitu pekee walichokitaka kwake, alisema, ni lile jina linalotajwa mimbarini ili raia wao watulie. Na kama walitaka aliache hata hilo, alikuwa tayari kuwaachia kila kitu.

Tulipoisoma habari hii darasani palikuwa kimya. Mtu aliyenyamaza miaka 26 alikuwa amesema ukweli wote mara moja, bila kutukana na bila kujitetea kupita kiasi.

Lakini habari haiishii hapo, na haki inatudai tuimalize. Bakhtiyar alimtisha. Al-Muti akakubali. Aliuza nguo zake, vyombo na baadhi ya vitu vya nyumba yake, akatoa dirhamu 400,000. Habari zikaenea hata kwa mahujaji kutoka Khurasan kwamba khalifa ametozwa mali yake. Na Bakhtiyar alipozipata fedha zile alizitumia kwa mambo yake mwenyewe. Jihadi ikasahaulika.

7. Mwisho wake

Mwaka 974 askari wa Kituruki walimwasi Bakhtiyar, wakiongozwa na Sabuktakin. Al-Muti alikuwa amepooza upande mmoja wa mwili na ulimi wake ulikuwa mzito. Sabuktakin alipoiona hali yake alimtaka ajiuzulu. Tarehe 5 Agosti 974 alimwachia kiti mwanawe Abd al-Karim, aliyechukua jina la al-Tai, jina lenye mzizi uleule wa utii. Baba aliachwa na macho yake na heshima yake. Baada ya hapo aliitwa Mzee Mwema, kwa neno linalokaribiana na jina alilopewa utotoni.

Hakupata muda wa kupumzika. Alichukuliwa katika safari ya kijeshi ya Sabuktakin kuelekea Wasit, na Oktoba mwaka huohuo akafariki njiani, mahali panapoitwa Dayr al-Aqul. Dayr kwa Kiarabu ni monasteri: mji huo ulipata jina lake kwa wamonaki wa Kikristo. Mwili wake ulirudishwa Baghdad na kuzikwa Rusafa.

Ukoo wake haukufa naye. Mjukuu wa al-Muqtadir, al-Qadir, aliyetawala kuanzia mwaka 991 hadi 1031, alilitumia jina lilelile tupu kuwafundisha watu imani na kuwaunganisha Wasuni. Wabuya walianguka Baghdad mwaka 1055. Ukhalifa uliwaona wakiingia na ukawaona wakitoka, mpaka Wamongolia walipoiteka Baghdad mwaka 1258.

8. Na kwetu Roma je?

Tungekuwa wanafiki kama tungeyasimulia haya tukidhani ni ya wengine. Mwaka uleule wa 946 Roma ilipata Papa mpya, Agapeto II. Lakini mtawala halisi wa Roma alikuwa Alberiko, mkuu wa kidunia aliyekuwa amemfunga mama yake mwenyewe na kumweka ndugu yake, Papa Yohane XI, chini ya ulinzi. Sarafu za Roma zilibeba jina la Alberiko pamoja na la Papa. Kabla ya kufa mwaka 954 aliwaapisha wakubwa wa Roma wamchague mwanawe kuwa Papa, nao wakamchagua: ndiye Yohane XII, kijana ambaye mwenendo wake uliliaibisha Kanisa.

Kwa hiyo mtu ambaye angesafiri kutoka Baghdad hadi Roma miaka hiyo angekuta jambo linalofanana. Tofauti ni kwamba Kanisa tayari lilikuwa na fundisho la kulipima jambo hilo. Mwaka 494 Papa Gelasi I alimwandikia Kaisari Anastasi akitofautisha mamlaka takatifu ya maaskofu na nguvu ya kifalme. Zote mbili zina kazi yake, na moja haipaswi kuimeza nyingine.

Historia iliendelea kutufundisha. Mwaka 751 Pipino wa Wafranki alimwondoa mfalme wa jina tu, Kilderiki III, baada ya Papa Zakaria kujibu kwamba ni afadhali mwenye nguvu halisi ndiye aitwe mfalme. Mwaka 1870 Papa Pio IX aliipoteza Roma na dola yake yote, na wengi walidhani Upapa umekwisha. Kumbe tangu hapo sauti ya Mapapa imesikika mbali zaidi kuliko walipokuwa na askari. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

9. Tunajifunza nini?

Sasa turudi kwenye ubishi wetu wa darasani. Tunadhani makundi yote mawili yalishika kipande cha ukweli.

Kwanza, nguvu si mamlaka. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba sheria hutungwa kwa ajili ya manufaa ya wote, na yule mwenye jukumu la kuitunza jumuiya. Bakhtiyar aliweza kuchukua dirhamu 400,000, lakini hakuwa na uchungu na watu wa Nisibis. Alikuwa na nguvu, na alikosa kile kinachoifanya nguvu iwe uongozi.

Pili, cheo nacho si mamlaka. Cheo ni dhamana: ni kitu ulichowekewa ukitunze kwa ajili ya wengine. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini mvumo haumpi mtu maji ya kunywa.

Tatu, wajibu hufuata uwezo. Hili al-Muti alilisema wazi. Mwenye fedha na watumishi asimtupie lawama mwenye jina. Tunaliona jambo hili hata katika mazingira yetu ya kawaida: mwenyekiti anaitwa kukata utepe, lakini hesabu hazioni; siku fedha zikipotea ndiye wa kwanza kuulizwa. Wahenga walisema ukubwa jalala, kila taka hutupwa hapo. Ni kweli mkubwa huvumilia mengi, lakini ni dhuluma kumfanya jalala kwa makusudi.

Nne, hakuna mtu asiye na uwezo kabisa. Hapa ndipo tunapomsifu al-Muti, na ndipo tunapomuuliza swali. Katika jaribu la kadhi alikuwa na mlango mmoja tu, akaufunga. Katika jaribu la fedha alisema ukweli, kisha akatoa. Je, alikosea? Wengine kati yetu wanasema angeshika neno lake na kujiuzulu. Wengine wanakumbusha wale watatu waliopofushwa. Sisi tunaona kwamba si rahisi kumhukumu mtu aliyeuza nguo zake. Lakini tunaona pia kwamba jibu lake lilikuwa na uzito kwa sababu alisema yuko tayari kuondoka, na uzito huo ulipungua alipobaki. Ukweli hudai gharama, na mara nyingi gharama yenyewe ni kile cheo tunachokitumia kuusemea.

Tano, tunamtazama Bwana wetu mbele ya Pilato. Hatumlinganishi na khalifa yeyote wala mfalme yeyote. Lakini pale pretorio vazi la kifalme lilikuwa la mzaha na taji lilikuwa la miiba, na mwenye askari alikuwa Pilato. Yesu alimwambia kwamba asingekuwa na mamlaka yoyote juu yake kama hayangetoka juu (rej. Yn 19:11). Pilato alikuwa na nguvu, na akaogopa umati. Yesu hakuwa na askari, wala hakuogopa. Yeye alitii mpaka kufa, na utii wake ulikuwa huru, kwa kuwa aliutoa uhai wake mwenyewe.

Hitimisho

Tuliweka akiba swali: je, al-Muti alimtii Mungu, au aliwatii wenye mapanga? Jibu la ndani analijua Mungu peke yake. Kwa nje tunaweza kusema hivi: alikuwa mtu aliyewekwa mahali ambapo hakupachagua, akapewa jina kubwa kuliko uwezo wake, akakosea na kuvumilia, na walau mara mbili alilitumia lile dogo alilobaki nalo kusema kwamba haki haiuzwi na kwamba mwenye nguvu asikwepe wajibu wake.

Sisi waseminari tutakapovaa mavazi ya heshima, tukumbuke kwamba vazi halimfanyi mtu kuwa mchungaji. Na wewe mwanaparokia, katibu wa jumuiya au mwenyekiti wa kwaya, usiseme huna uwezo kwa sababu kura yako ni moja. Tafuta mlango ulio wako, ujue lini uufungue na lini uufunge.

Maswali ya kutafakari, mmoja mmoja au katika jumuiya

1. Katika familia, jumuiya au kazi yangu, ni wapi nina cheo bila kuhudumia, na ni wapi ninahudumia bila cheo?
2. Je, nimewahi kumtupia mwingine lawama kwa jambo ambalo uwezo wa kulifanya ulikuwa mikononi mwangu?
3. Ni tofauti gani kati ya utii wa mtoto wa Mungu na woga wa mtu anayeogopa adhabu?
4. Ninawajua kiasi gani majirani zangu Waislamu, na historia ya imani yao?

Tuwaombee wote waliopewa vyeo, wakubwa na wadogo, wenye nguvu na wasio nazo. Tukutane katika somo lijalo. Amani ya Kristo iwe nanyi.